Sauti Ndani ya Chumba: Jinsi ya Kunasa Muziki Nyumbani

Katika sura iliyopita ulijifunza kwamba sauti hutokana na mtetemo, na kwamba mtetemo huo husafiri katika hewa kwa mawimbi. Uligusa ngozi ya ngoma iliyopigwa, ukahisi ikitetemeka. Katika sura hii tutaifuata sauti baada ya kuondoka kwenye ngoma, tuone inakwenda wapi na inakutana na nini njiani.

Tuchukue jambo ambalo pengine litakupata wewe mwenyewe. Bibi yako anaujua wimbo wa kubembelezea watoto, alioupokea kwa mama yake. Mama yako anaukumbuka ubeti mmoja tu, na ninyi watoto hamuujui kabisa. Siku moja mnaazimia kuunasa wimbo huo kwa simu au kwa kinasa sauti, usije ukapotea. Bibi anakaa sebuleni, anaimba vizuri, na kila mtu aliyemo chumbani anayasikia maneno. Kisha mnasikiliza mlichonasa. Sauti ni kama inatoka ndani ya pipa. Maneno yanapandana, na mistari miwili mizima haieleweki. Bibi hakukosea, wala chombo si kibovu. Kilichoharibu wimbo ni chumba.

Sauti inapogonga ukuta

Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa karibu meta 340 kwa sekunde. Ikigonga kitu kigumu na laini usoni, kama ukuta uliopigwa lipu, sehemu kubwa ya sauti hurudi, kama mpira unavyodunda sakafuni. Ukisimama meta 17 mbele ya ukuta mrefu na kupiga makofi mara moja, sauti husafiri meta 17 kwenda na meta 17 kurudi, yaani meta 34. Safari hiyo huchukua sehemu moja ya kumi ya sekunde. Muda huo watosha kwa sikio kuitofautisha sauti ya kwanza na ile iliyorudi. Sauti inayorudi namna hiyo huitwa mwangwi.

Ndani ya chumba cha kawaida kuta ziko karibu mno, hivyo husikii mwangwi mmoja uliojitenga. Chukua chumba chenye urefu wa meta 4, upana wa meta 3 na kimo cha meta 3. Humo sauti hugonga kuta, sakafu na dari zaidi ya mara 100 katika sekunde moja. Miangwi hiyo yote hufika sikioni ikiwa imefuatana kwa karibu sana, ikachanganyika kuwa kitu kimoja. Mchanganyiko huo tutauita mvumo wa chumba.

Jaribio la 1. Ingia katika chumba kitupu chenye sakafu ya saruji. Darasa ambalo madawati yake yametolewa latosha. Simama katikati, nyamaza kidogo, kisha piga makofi mara moja kwa nguvu. Sikiliza sauti inavyokwisha. Sasa nenda katika chumba cha kulala chenye kitanda, godoro, mablanketi na nguo zilizotundikwa, ufanye vivyo hivyo. Utaona kwamba katika chumba kitupu sauti hubaki kwa muda baada ya mikono kutulia, na katika chumba cha kulala hukatika upesi. Ukisimama kati ya kuta mbili ngumu zinazotazamana, huenda ukasikia sauti kama ya kutatarika baada ya pigo. Hiyo ni sauti inayokwenda na kurudi baina ya kuta hizo mbili tu.

Huenda ukauliza: ikiwa chumba kina mvumo, mbona tuliokuwamo tuliyaelewa maneno ya bibi? Hili ni swali zuri. Una masikio mawili, na sauti haifiki katika masikio yote mawili kwa wakati mmoja wala kwa nguvu moja. Ubongo hulinganisha habari za masikio hayo, ukajua ipi imetoka mdomoni mwa mwimbaji na ipi imetoka ukutani, ukaipuuza ile ya ukutani. Maikrofoni haina ubongo. Hupokea kila kinachoifikia, na ikiwa ni moja tu haiwezi kujua kilikotoka. Ukisikiliza baadaye, sauti zote hutoka mahali pamoja, na masikio yako hayana tena njia ya kuzitenganisha.

Mtu aliyeupima mvumo

Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, kule Marekani, kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambao haukufaa kwa mihadhara. Neno lililosemwa liliendelea kusikika kwa sekunde 5 na nusu hivi. Mwalimu alipokuwa anatamka neno la sita au la saba, neno la kwanza lilikuwa bado linazunguka ukumbini. Mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, aliombwa atafute dawa.

Sabine hakubahatisha. Alitumia filimbi ya kinanda cha kanisani, saa ya kupimia, na masikio yake. Alipiga filimbi, akaizima, akapima muda uliopita mpaka sauti ikatoweka kabisa. Kisha alileta mito ya viti kutoka katika ukumbi mwingine wa chuo, akaongeza michache, akapima tena. Akaongeza mingine, akapima tena. Kazi hii aliifanya usiku, kati ya saa sita na saa kumi na moja za alfajiri, wakati mji ulipokuwa kimya. Alizingatia hata nguo alizovaa, kwa sababu aligundua kwamba mwili wa mtu na nguo zake navyo hupunguza sauti.

Kutokana na vipimo hivyo, mwaka 1898 aliipata kanuni ambayo wajenzi wa kumbi huitumia hadi leo. Ukumbi wa muziki wa Boston, ambao ulijengwa kwa kufuata mashauri yake, ulifunguliwa tarehe 15 Oktoba 1900, na hadi leo huhesabiwa miongoni mwa kumbi bora za muziki duniani.

Kanuni ya Sabine yaweza kueleweka kwa mfano wa dirisha. Sauti inayotoka kupitia dirisha lililo wazi hairudi tena, imekwenda zake. Basi dirisha lililo wazi lenye eneo la meta moja ya mraba huhesabiwa kuwa limemeza sauti yote iliyolifikia. Kitu kingine chochote twaweza kukilinganisha na dirisha hilo. Ukuta wa lipu ngumu humeza sehemu 2 au 3 tu katika 100, na kuzirudisha zilizobaki. Ili kupata muda wa mvumo kwa sekunde, zidisha ujazo wa chumba kwa 0.16, kisha gawanya kwa jumla ya meta za mraba za "madirisha". Muda huo ni ule unaohitajiwa mpaka nguvu ya sauti ishuke kufikia sehemu moja ya milioni.

Tukokotoe kwa chumba chetu cha meta 4 kwa 3 kwa 3. Ujazo wake ni meta za ujazo 36. Eneo la kuta zote nne, sakafu na dari ni meta za mraba 66. Tuseme kila upande humeza sehemu 3 katika 100. Basi 66 mara 0.03 ni 1.98, yaani karibu 2. Ni kana kwamba chumba kizima kina dirisha moja lenye meta za mraba 2. Sasa:

0.16 × 36 ÷ 2 = 2.88

Mvumo wa chumba kitupu ni karibu sekunde 3. Huo ni mwingi mno kwa wimbo wenye maneno. Tukiingiza vitu vinavyomeza sauti sawa na meta za mraba 10 za dirisha, jumla itakuwa 12:

0.16 × 36 ÷ 12 = 0.48

Mvumo umeshuka na kuwa chini ya nusu sekunde. Chumba cha namna hiyo chafaa kwa kunasa sauti ya mwimbaji mmoja. Kwa chumba kidogo hesabu hii hukadiria tu, lakini hutuonyesha jambo moja muhimu: kitambaa kimoja kilichotundikwa ukutani hakitoshi. Kupata meta za mraba 10 ni kazi ya magodoro matatu au manne pamoja na mablanketi mazito.

Vitu vinavyofyonza sauti

Sauti ikiingia katika kitu chenye nyuzi nyingi na nafasi ndogondogo za hewa, hewa husugua nyuzi hizo inapotetemeka, na nguvu ya sauti hugeuka kuwa joto. Joto hilo ni dogo mno, huwezi kulihisi kwa mkono. Kwa hiyo kitu kifaacho kufyonza sauti ni kile ambacho hewa yaweza kupenya ndani yake. Pamba, sufi, usumba wa nazi, manyoya, mablanketi na sponji ya godoro ni vitu vya namna hiyo. Gunia la katani lililojazwa sufi au nguo kuukuu hufanya kazi vizuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Paa la makuti au la nyasi nalo hufyonza sauti. Ndiyo maana nyumba iliyoezekwa kwa nyasi ina utulivu ambao nyumba ya bati haina, hata wakati ambapo mvua hainyeshi.

Unene ni jambo la kutazamwa sana. Kanga moja iliyotandazwa ukutani karibu haifanyi kitu. Mkeka mwembamba hali kadhalika. Na hapa inafaa tutaje trei za mayai, kwa sababu watu wengi huzibandika kwenye kuta wakiamini kwamba zinatengeneza studio. Trei ya mayai ni karatasi nyembamba iliyokandamizwa. Hupunguza kidogo sauti nyembamba, lakini sauti nene huipita kama vile haipo. Anayezinunua kwa fedha anapoteza fedha zake. Blanketi kuukuu la nyumbani lingemfaa zaidi.

Kwa nini unene? Kumbuka kwamba kila sauti ina urefu wa wimbi. Ukigawanya mwendo wa sauti kwa idadi ya mitetemo kwa sekunde, unaupata urefu huo. Sauti nyembamba yenye mitetemo 3400 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa sentimeta 10 tu. Sauti nene ya ngoma kubwa, yenye mitetemo 100 kwa sekunde, ina wimbi lenye urefu wa meta 3.4, karibu sawa na chumba chenyewe. Blanketi lenye unene wa sentimeta 1 ni kitu kidogo sana mbele ya wimbi kubwa kama hilo.

Tena kuna siri nyingine, nayo haigharimu kitu. Hewa iliyogusana na ukuta haiwezi kwenda mbele wala nyuma, kwa kuwa ukuta umeizuia. Hewa isiyokwenda haiwezi kusugua nyuzi. Mbali kidogo na ukuta, hewa huwa huru kutetemeka. Kwa hiyo blanketi lililobandikwa ukutani hufyonza kidogo, na blanketi lilelile likitundikwa kwenye kamba umbali wa sentimeta 10 hadi 20 kutoka ukutani hufyonza zaidi, hasa zile sauti zilizo nene kiasi. Godoro nalo usiliegemeze moja kwa moja ukutani; acha nafasi nyuma yake.

Jaribio la 2. Funga kamba sentimeta 15 hivi mbele ya ukuta mgumu. Mwenzako asimame meta 1 mbele ya ukuta huo, akiutazama, asome ukurasa mmoja wa kitabu kwa sauti. Nasa sauti yake kwa simu iliyowekwa nyuma yake. Sasa tundika kwenye kamba mablanketi mawili mazito, moja juu ya jingine, asome tena ukurasa uleule kwa sauti ileile. Kisha yabandike mablanketi hayo yagusane na ukuta, mfanye mara ya tatu. Sikilizeni yote matatu mkiwa mmefumba macho, na mtu mwingine awachezee bila kuwaambia ni lipi. Andikeni maoni yenu kabla ya kuambiwa.

Sauti nene na pembe za chumba

Umewahi kuvumisha sauti ukiwa ndani ya chumba cha kuogea chenye kuta za saruji? Mwombe baba au kaka mkubwa aingie humo, aanze na sauti nene kabisa, aipandishe polepole bila kukatiza. Pana mahali ambapo sauti yake itakua ghafula, kana kwamba chumba kinaimba pamoja naye. Hapo wimbi la sauti limelingana na chumba. Kati ya kuta mbili zilizoachana kwa meta 1.7, sauti yenye mitetemo 100 kwa sekunde hukaa sawasawa: nusu ya wimbi lake ndiyo upana wa chumba. Kila irudipo hujikuta inaongezea nguvu ile iliyotangulia.

Vyumba vikubwa navyo vina sauti vinavyozipenda, ila huwa nene zaidi. Chumba chenye urefu wa meta 3.4 hupenda sauti ya mitetemo 50 kwa sekunde, na 100, na 150. Mpigaji ngoma akikaa humo, mapigo fulani yatavuma kupita kiasi, na mengine yatakuwa hafifu, ingawa mkono wake haukubadilika. Hali huwa mbaya zaidi chumba kinapokuwa na urefu, upana na kimo vilivyo sawa, maana pande zote huchagua sauti zilezile. Ukiwa na vyumba viwili vya kuchagua, chagua kile ambacho vipimo vyake vinatofautiana.

Sauti nene hujikusanya kwenye kuta, na hasa katika pembe. Weka sikio pembeni mwa chumba wakati redio inapiga muziki wenye ngoma, kisha urudi katikati, utaitambua tofauti. Kwa sababu hiyo magunia mazito ya sufi au magodoro yaliyokunjwa hufaa sana yakirundikwa kwenye pembe, kuanzia sakafuni hadi juu kadiri yatakavyofika.

Mahali pa kukaa mwimbaji

Dawa iliyo rahisi kuliko zote tumeiacha hadi hapa kwa makusudi, ili uijue sababu yake. Isogeze maikrofoni karibu na mwimbaji. Sauti itokayo mdomoni moja kwa moja hupungua kadiri unavyokwenda mbali: umbali ukizidishwa mara mbili, nguvu hubaki robo. Mvumo wa chumba hauko hivyo. Umeenea karibu sawa kila mahali. Simu iliyokuwa meta 3 kutoka kwa bibi ikisogezwa hadi sentimeta 30, nguvu ya sauti inayotoka kwake moja kwa moja huongezeka mara 100, na mvumo hubaki vilevile. Usiilete karibu mno na mdomo, kwa sababu pumzi ya herufi kama "p" na "b" itaigonga na kufanya kishindo. Iweke pembeni kidogo ya mdomo. Usiilaze mezani bila kitu chini yake. Kunja kitambaa mara kadhaa, uiweke juu yake.

Mwimbaji asikae katikati kabisa ya chumba, wala pembeni. Theluthi moja ya urefu wa chumba ni mahali pazuri pa kuanzia. Mablanketi yatundikwe nyuma yake na mbele yake. Usifunike kila mahali. Chumba kilichomezwa sauti nyembamba zote hubaki na zile nene peke yake, muziki ukawa kama umefunikwa kwa chungu. Tena mwimbaji huchoka upesi, maana hajisikii. Kwaya hasa huhitaji mvumo kidogo ili sauti zao ziungane, kwa hiyo kwaya waache na kuta mbili zilizo wazi.

Tofautisha pia kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Blanketi hupunguza mvumo wa ndani. Halizuii redio ya jirani. Sauti ya nje huzuiwa na kitu kizito, kama ukuta wa matofali, na kwa kuziba mianya. Mwanya mdogo chini ya mlango hupitisha sauti nyingi. Chini ya paa la bati hakuna blanketi litakaloshinda mvua, ngojeni inyamaze.

Tahadhari ya moto

Sponji ya magodoro huwaka upesi sana na hutoa moshi wenye sumu. Tarehe 20 Februari 2003, katika mji wa West Warwick, Marekani, cheche za fataki zilizowashwa jukwaani ziliunguza sponji iliyobandikwa ukutani ili kupunguza sauti. Watu 100 walikufa. Tarehe 27 Januari 2013 ajali ya namna hiyohiyo, safari hii sponji ikiwa darini, iliua watu 242 katika mji wa Santa Maria, Brazili. Basi usiwashe mshumaa, kibatari wala jiko katika chumba ulichokizungushia magodoro na mablanketi. Usizibe mlango kwa godoro. Kazi ikimalizika, rudisha kila kitu mahali pake.

Maswali na mazoezi

1. Mtoto alipiga makofi mbele ya jabali, akausikia mwangwi baada ya sekunde 0.3. Jabali liko umbali gani?

2. Darasa lina urefu wa meta 5, upana wa meta 4 na kimo cha meta 3. Kuta, sakafu na dari humeza sauti sawa na meta za mraba 3 za dirisha lililo wazi. Tafuta muda wa mvumo. Je, ni meta za mraba ngapi zaidi zinazohitajiwa ili mvumo uwe sekunde 0.6?

3. Kwa nini darasa lililojaa wanafunzi lina mvumo mdogo kuliko darasa lilelile likiwa tupu?

4. Mtu amebandika trei za mayai katika chumba chote, lakini ngoma yake bado inavuma vibaya. Mweleze sababu kwa kutumia urefu wa wimbi.

5. Mwombe mzee mmoja wa nyumbani kwenu akuimbie wimbo anaoujua tangu utotoni. Unase mara mbili: kwanza sebuleni, simu ikiwa meta 3 kutoka kwake, kisha katika chumba ulichokitayarisha, simu ikiwa sentimeta 30. Andika maneno ya wimbo kwa kusikiliza ulichonasa mara ya kwanza tu, ukiacha pengo pasipoeleweka. Halafu jaza mapengo kwa kusikiliza ulichonasa mara ya pili, uhesabu ni maneno mangapi uliyoyapata.